Taiichi Ohno: Msee Aliyechora Duara na Choki Akafunza Toyota Kuishi Bila Stoo

Hebu imajini umepata job mpya kwa kiwanda. Bosi anakuja, salamu ni ya haraka haraka, anatoa choki, anachora duara kwa sakafu, alafu anakushow usimame ndani uangalie venye kazi inaendelea. Anajitoa. Saa moja inaisha, ya pili inaisha, miguu inaanza kulia. Akirudi anakuuliza umeona nini. Ukimwambia hujaona kitu, maze, bado uko hapo sana. Ukianza kumwonyesha kwamba yule fundi wa kona anatembea hatua kumi kila saa kufuata spana, na ule mrundo wa vipuri haujaguswa tangu asubuhi, hapo ndio anaweza kukuachilia uende kudishi.

Huyo bosi aliitwa Taiichi Ohno. Wasee waliofanya kazi chini yake wamesimulia hiyo story ya duara miaka na miaka, wengine wakicheka, wengine ni ka bado miguu inawauma. Na hata ka hujawahi kuskia jina lake, umeshakalia kazi yake. Probox, Noah, Fielder, ama ile Hiace ya kwenda tao ambayo sisi Nairobi tunaita nissan hata ka mbele imeandikwa Toyota, zote zimetoka kwa viwanda ambavyo mpangilio wake ulianzia kwa kichwa ya huyu mzee.

Ohno alizaliwa tarehe 29 Februari 1912, hiyo tarehe inayokuja mara moja kwa miaka minne. Alizaliwa Dalian, mji wa Uchina ambao wakati huo ulikuwa mikononi mwa Japani. Baadaye akasomea mambo ya mashine kwa chuo cha ufundi Nagoya, na 1932, wakati uchumi wa dunia ulikuwa umelala chini, akapata kazi. Si kwa magari. Kwa nyuzi na vitambaa, kampuni iliyoitwa Toyoda Boshoku.

Usiruke hii sehemu ya vitambaa, ju hapa ndio mbegu iko. Mwanzilishi wa hiyo familia ya biashara, mzee Sakichi Toyoda, alikuwa ametengeneza mashine ya kufuma ambayo uzi mmoja ukikatika inajisimamisha yenyewe. Inaonekana kitu kidogo. Lakini fikiria mashine isiyojisimamisha: uzi unakatika, mashine inaendelea, unapata mita na mita za kitambaa chenye kasoro. Kwa hivyo lazima mtu asimame hapo aiangalie siku nzima, na huyo mtu unamlipa kwa kazi ya kuangalia tu. Mashine ikijua kusimama, mfanyakazi mmoja anaweza kulinda mashine nyingi kwa wakati mmoja, na anakimbilia tu ile yenye shida. Hata Waingereza wa Platt Brothers, ambao ndio walikuwa wakubwa wa mashine za kufuma dunia nzima, walikubali mwaka wa 1929 kulipa pauni 100,000 kununua haki ya hiyo teknolojia. Ohno aliingia hapo kijana wa miaka 20, akaona hiyo kitu kwa macho yake kila siku.

1943, vita ikiwa moto, akahamishwa upande wa magari, Toyota Motor. Hapo akakuta wasee wanafanya kazi venye kila mtu alikuwa akifanya magari: fundi mmoja, mashine mmoja. Fundi wa kukata chuma anakata, wa kutoboa anatoboa, na mashine ikiwa inafanya kazi yenyewe, fundi amesimama tu kando ameiangalia ni ka movie.

Alafu 1945 Japani ikapigwa ikalala. Nchi imechomeka, chakula hakuna, na mkubwa wa Toyota, Kiichiro Toyoda, mtoto wa Sakichi, anasema kampuni lazima ifikie Wamarekani ndani ya miaka mitatu, la sivyo biashara ya magari Japani ni ya kusahau. Miaka mitatu, buda. Ohno alikuwa na hesabu fulani kichwani iliyokuwa ikimsumbua tangu kabla ya vita: aliskia kwamba kazi ya Mjerumani mmoja inahitaji Wajapani watatu, na kazi ya Mmarekani mmoja inahitaji Wajerumani watatu. Fanya hesabu. Mmarekani mmoja, Wajapani tisa.

Wengi wangeskia hivyo wangesema Wamarekani wana mashine kubwa, wana doh, tuachane na hiyo story. Ohno alifikiria tofauti. Mmarekani ni binadamu, ana mikono miwili, hawezi kuwa anatoa jasho mara tisa ya Mjapani. Kwa hivyo ile tofauti lazima iko mahali pengine. Akaamua kwamba Wajapani wanapoteza kitu. Wanatupa nguvu, wanatupa muda, wanatupa chuma, na hakuna mtu anaona ju wote wamezoea. Hiyo dhana ndiyo alifanyia kazi maisha yake yote iliyobaki.

Alianza 1947 kwa karakana ya mashine aliyokuwa anasimamia. Akabeba mashine akazipanga upya, zingine sambamba, zingine kwa umbo la herufi L, ndio fundi mmoja ashike mbili. Baadaye zikawa tatu, nne. Kwa karatasi inaonekana rahisi. Kwa ukweli, mafundi walikasirika vibaya sana. Hao walikuwa wasee wa ustadi, mtu amejenga heshima yake kwa kujua mashine moja kama mkono wake, na sasa kijana kutoka kwa vitambaa anamwambia aanze kukimbia kati ya mashine tatu. Mimi nawaelewa. Ukiwa umekaa miaka kumi ukijifunza kitu, hutaki kuambiwa ati hicho kitu si kazi nzima.

Lakini hapo ndipo mambo yakaharibika juu kwa juu. 1949 serikali, chini ya presha ya Wamarekani waliokuwa wameikalia nchi, ilikaza pesa ili kuua mfumuko wa bei. Benki zikafunga mfuko. Wateja wakakosa doh ya kununua magari, na wale walionunua kwa mkopo wakakosa kulipa. Toyota ikajikuta na magari ambayo hayaendi, vipuri vimejaa, na mishahara haina kwa kutoka.

Nataka ushike hii sana, ju ndio moyo wa story yote. Gari ambayo haijauzwa si mali ya kujivunia. Hiyo ni pesa yako imeganda. Umenunua chuma, umelipa stima, umelipa fundi, umelipa riba ya benki, na sasa hiyo doh yote imekaa uwanjani ikinyeshewa. Kwa vitabu vya hesabu inaandikwa ni mali. Lakini huwezi lipa mshahara na boneti.

Mambo ya kiwanda chenyewe yalikuwa fujo pia. Hizo siku vipuri vilikuwa vinafika kwa kuchelewa na bila mpango, kwa hivyo nusu ya kwanza ya mwezi watu walikuwa wanakusanya na kungoja, alafu nusu ya pili wanakimbizana usiku na mchana kuunganisha magari. Unalipa watu wakae, kisha unawalipa wakimbie.

1950 kampuni ikataka watu 1,600 watoke. Wafanyakazi wakagoma, mgomo mrefu wa kuumiza pande zote mbili. Mwishowe watu wakaenda nyumbani, lakini Kiichiro naye hakubaki kwa kiti. Aliacha kazi, akabeba lawama pamoja na wale waliofutwa. Wiki chache tu baadaye vita ya Korea ikaanza, jeshi la Marekani likaanza kuitisha malori kutoka Toyota, na kampuni ikapata pumzi. Kiichiro alikuwa ameombwa arudi kuwa mkubwa tena, lakini alifariki Machi 1952 kabla hajarudi. Alikuwa na miaka 57. Yeye ndiye alikuwa na ile ndoto ya kila kipuri kufika wakati kinahitajika tu, si mapema, si kuchelewa. Alikufa bila kuona ikifanya kazi.

Ohno akabaki na hiyo ndoto mkononi, na somo la 1950 bado bichi. Oda za malori ziliongezeka, lakini kuajiri tena watu wengi haikuwezekana, hakuna aliyetaka kurudia ule mgomo. Ilibidi atoe magari mengi na watu wale wale.

Sasa unafanyaje? Hapa ndio anatokea na wazo la supamaketi. Alikuwa ameskia venye maduka ya Marekani yanafanya kazi: mteja anaingia, anachukua anachotaka kwa rafu, kiasi anachotaka, na wahudumu wanajaza tu ile nafasi iliyoachwa wazi. Hakuna mtu anasukumia mteja maziwa kumi ati ju ng'ombe wamekamuliwa. Ohno akageuza kiwanda kichwa chini. Zamani idara ya kwanza ilikuwa inatengeneza inavyoweza alafu inasukumia idara inayofuata, iwe wanahitaji ama hawahitaji. Yeye akasema idara ya nyuma ndiyo mteja. Wao ndio waende kuchukua, na idara ya mbele itengeneze tu kile kilichochukuliwa. Mwaka wa 1953 akaanza kuijaribu kwa karakana yake. 1956 akafika Marekani kuangalia viwanda vya magari, na huko akaziona hizo supamaketi mwenyewe.

Ili idara ziongee bila kelele, walitumia kadi. Kadi ndogo kwa mfuko wa plastiki, imeandikwa ni kipuri gani, ngapi, kinatoka wapi kinaenda wapi. Ukichukua boksi, kadi inarudi nyuma kusema tengeneza nyingine. Kadi haijarudi, hutengenezi. Ndio maana wanaiita kanban, neno la Kijapani la ubao wa tangazo. Hakuna kompyuta hapo. Karatasi tu. Hiyo kitu ilisambaa polepole mpaka 1962 ndipo kampuni yote ikaishika. Karibu miaka kumi ya kubishana, usidhani ilikuwa uchawi.

Na kulikuwa na kizuizi kimoja kikubwa. Mashine za kupiga mabati zinatumia kalibu, yaani chuma kizito kinachopatia bati umbo la mlango ama boneti. Ukitaka kutoka mlango uende boneti, lazima utoe kalibu moja uingize nyingine, na miaka ya 1940 hiyo kazi ilichukua saa mbili mpaka tatu. Na ka kubadilisha ni saa tatu, kila mtu mwenye akili atapiga milango elfu kadhaa kwa mpigo kabla abadilishe. Na hiyo milango yote inaenda wapi? Stoo. Tumerudi pale pale kwa pesa iliyoganda. Kwa hivyo walikaa chini wakakata hiyo muda kipande kwa kipande: andaa kalibu nyingine wakati mashine bado inafanya kazi, punguza bolti, weka vifaa karibu. Miaka ya 1950 ikashuka chini ya saa moja, mahali pengine dakika 15. Kufika mwisho wa miaka ya 1960 ilikuwa dakika 3. Kutoka saa tatu. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi kubwa kuliko hata zile kadi, ni vile tu kadi ziko na jina tamu.

Ohno alihesabu aina saba za upotevu: kutengeneza kupita kiasi, kungoja, kubeba vitu huku na huku, kufanyia kitu kazi ambayo hakihitaji, kuweka stoki, mizunguko ya mwili isiyo na maana, na kutengeneza vitu vibovu. Lakini hazikuwa sawa machoni pake. Ya kwanza ndiyo mama wa zingine. Ukitengeneza kupita kiasi, lazima ubebe, lazima utafute pa kuweka, lazima uajiri mtu wa kulinda na mtu wa kuhesabu, na ka kulikuwa na kasoro utaigundua wakati vipande 500 vimeshakuwa na hiyo kasoro. Muulize mama yeyote wa chapo aliyekaanga mia mbili asubuhi siku ya mvua.

Hesabu yake ya bei nayo ilikuwa ya ukatili mzuri. Wafanyabiashara wengi wanachukua gharama, wanaongeza faida, wanasema hiyo ndiyo bei. Ohno alikataa. Bei inawekwa na mteja, sokoni, na mteja hajali umetumia ngapi. Kinachobaki mikononi mwako ni gharama pekee. Ka soko linalipa 100 na wewe umetumia 95, umebaki na 5. Unataka 10? Usiguse bei. Rudi kwa sakafu ya kiwanda utafute ile 5 nyingine imejificha wapi.

Na kuitafuta alikuwa na njia yake: uliza kwa nini mara tano. Mfano wake maarufu ni mashine iliyosimama. Kwa nini imesimama? Fyuzi imechomeka ju ya mzigo mwingi. Kwa nini mzigo mwingi? Beringi haikuwa na mafuta ya kutosha. Kwa nini? Pampu haikuwa inavuta mafuta vizuri. Kwa nini? Shafti ya pampu imelika. Kwa nini? Hakukuwa na chujio, vipande vya chuma vikaingia ndani. Sasa ona: msee wa haraka angebadilisha fyuzi aende kejani, na wiki ijayo fyuzi ingine imechomeka. Shida yote ilikuwa chujio.

Kitu kingine alichofanya kikatisha mameneja ni kumpa mfanyakazi wa kawaida ruhusa ya kusimamisha laini nzima akiona kasoro. Ile akili ya mashine ya kufuma, uzi ukikatika simama, akaipeleka kwa binadamu. Taa inawaka, kila mtu anajua ni wapi, watu wanakimbia hapo. Mwanzoni laini ilikuwa inasimama kila saa na wakubwa wakishika vichwa. Kwa Ohno, laini isiyosimama kamwe ilikuwa ya kutiliwa shaka: ama kila kitu ni safi kabisa, ama kuna mtu anaficha kitu. Na alijua ni gani iko na uwezekano mkubwa.

Usidhani alikuwa anapendwa. Alikuwa mkali, anafoka mbele ya watu, anaweza toa kazi yako ya wiki nzima kwa sentensi moja. Kwa miaka mingi kampuni yenyewe haikuita hiyo kitu mfumo wa Toyota. Iliitwa mfumo wa Ohno, na wengi waliosema hivyo walisema kwa uchungu. Ikiharibika, si ni ya Ohno? Aliyemkinga ni Eiji Toyoda, binamu wa Kiichiro, ambaye aliacha malalamiko yafike mezani kwake na yasivuke.

Kilichonyamazisha watu ni 1973. Bei ya mafuta ikaruka, uchumi wa Japani ukasimama, kampuni zikabaki na stoo zimejaa vitu bila mnunuzi. Toyota nayo iliumia, lakini iliinuka haraka kuliko wengi, na hapo ndipo viwanda vingine vya Japani vikaanza kuuliza hawa wanafanya nini. 1975 Ohno akawa makamu wa rais mtendaji. Urais wenyewe hakuwahi kuuona.

Lakini pia lazima uambiwe upande wa pili. Mwaka huo huo wa 1973 mwandishi Satoshi Kamata alitoa kitabu kuhusu miezi aliyofanya kazi kwa Toyota kama kibarua wa msimu, na hakuna kitu tamu ndani. Kasi ya laini, uchovu, miili kuisha, masaa ya ziada yasiyoisha. Ukiondoa kila sekunde ya kungoja, umeondoa pia zile sekunde mtu alikuwa anavuta pumzi. Ohno alishikilia kwamba kuondoa upotevu si sawa na kukamua binadamu, na kwamba kuongeza tu kasi bila kurahisisha kazi ni ujinga. Labda kwa kichwa chake ilikuwa hivyo. Kwa laini, ilitegemea supavaiza wako ni nani. Na hata leo ukiskia bosi anaongea sana kuhusu kupunguza gharama alafu kitu cha kwanza anachopunguza ni watu, jua amechukua nusu ya somo, ile nusu rahisi.

1978 aliacha cheo chake Toyota, na mwaka huo huo akatoa kitabu akieleza mfumo wake. Mwaka wa 1984 Toyota na General Motors walifungua pamoja kiwanda Fremont, California, kwa jengo ambalo GM walikuwa wamelifunga ju wafanyakazi na mameneja walikuwa kama paka na panya. Toyota ikarudisha wengi wa wale wafanyakazi, ikawapa ile kamba ya kusimamisha laini, na magari yakaanza kutoka yakiwa fiti. Injinia mmoja Mmarekani aliyefanya kazi hapo, John Krafcik, ndiye 1988 aliandika makala akiita hii staili lean, neno la Kiingereza la mtu mwembamba asiye na mafuta ya ziada.

Taiichi Ohno alifariki tarehe 28 Mei 1990, miaka 78, Toyota City, mji ambao zamani uliitwa Koromo mpaka 1959 walipoubadilisha jina kwa heshima ya kiwanda. Miezi michache baadaye, huko Marekani, kitabu cha watafiti wa MIT kilichofanya neno lean lijulikane kila mahali ndio kilikuwa kinaingia madukani.